Tupeni uwanja, barabara tutawaachia

Ukikaa karibu na barabara kuu huku bara, iwe Miritini, Bamburi ama upande wa Likoni, kuna sauti ya usiku wa wikendi unayoijua. Subaru imefunguliwa ekzosti, inapanda gia ya pili, ya tatu, halafu inapotelea mbali. Asubuhi, watu wakila mahamri na mbaazi, hukumu ni moja: hawa watoto hawana adabu, polisi wawashike.

Sawa, washikwe. Kukimbizana kwenye barabara ya umma ni kosa, na mimi siwatetei. Swali langu ni lile ambalo hakuna mkubwa analijibu: kijana wa Pwani anayependa mwendo, akitaka kukimbia kihalali na gari lake mwenyewe, aende wapi?

Kuna mchezo ambao ungefaa kabisa hapa kwetu. Wenyewe huuita taimu ataki, mimi nauita mbio za saa. Magari hayashindani ubavu kwa ubavu. Unaingia uwanjani, unazunguka mzunguko mmoja polepole ili tairi na breki zipate moto, wa pili unakanyaga kwa nguvu zako zote na saa inahesabu, wa tatu unapoza injini na kutoka. Aliye na muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Hakuna kusukumana wala kupigana bampa, mpinzani wako ni saa. Ndiyo maana unawafaa watu wa kawaida wenye magari ya kawaida, yale yale wanayoendea kazini Jumatatu.

Mchezo huu ulipata jina Japani, hasa kwenye uwanja wa Tsukuba, ambao mzunguko wake ni kama kilomita mbili tu. Kwa miaka mingi heshima ilikuwa ni kumaliza mzunguko chini ya dakika moja. Makampuni makubwa ya spea yalimwaga pesa hapo. Lakini mmoja wa waliovunja rekodi za pale, hadi kushuka chini ya sekunde 50, ni Under Suzuki, mtu asiye dereva wa kulipwa, na gari lake ni Nissan Silvia aliyoijenga kwa miaka. Na toka 2010 Australia nao wana mashindano yao ya dunia pale Sydney.

Usiseme hayo ni ya wazungu na Wajapani. Huko bara ya juu wenzetu wameshaanza. Kiambu kuna Kiamburing TT, ambapo barabara ya lami hufungwa kwa mpango na madereva hutoka mmoja mmoja kushindana na saa. Karibu na Athi River kuna uwanja wa Whistling Morans. Sasa hebu piga hesabu. Kijana wa Kisauni akitaka kufika huko ni zaidi ya kilomita 400 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, mafuta juu yake, pa kulala juu yake. Gari likikwama huko, ni flatbed. Kwa bei hiyo mbio zinabaki za watoto wa matajiri, na yule wa Magongo anarudi barabarani saa sita usiku.

Na kinachochekesha ni kwamba magari yenyewe yanapitia hapa. Karibu kila gari kuukuu kutoka Japani linaloingia nchini linashukia bandari ya Kilindini. Sisi ndio tunaoyaona kwanza. Mafundi wa Changamwe wanajua kufungua na kufunga injini ya Forester kama mama anavyojua kukaanga viazi karai. Tuna magari, tuna mafundi, tuna vijana. Kilichokosekana ni kipande cha lami chenye ua.

Tuongee ukweli kuhusu barabara. Gari likienda kilomita 120 kwa saa linakula mita 33 kila sekunde. Bodaboda asiye na taa akiingia mbele yako, ile sekunde moja ya kushtuka imeshamaliza mita 33 kabla mguu haujagusa breki. Ongeza jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka liwapate: ukishika breki kwa nguvu mara kwa mara, mafuta ya breki yanachemka. Unakanyaga pedali, inashuka mpaka chini, gari haliskii. Uwanjani ukigundua hivyo unaishia kwenye mchanga, unacheka, unasukumwa. Kwenye raundabauti ya Changamwe unaishia chini ya trela. Nchi hii imekuwa ikizika watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka kwa ajali za barabarani. Wengi wao ni watembea kwa miguu na watu wa pikipiki, yani watu wasiokuwa na habari na mbio zako.

Kuna watakaosema pesa za uwanja zipelekwe hospitali na maji. Naelewa, hata kwetu mfereji hutoa upepo. Lakini hakuna aliyeomba uwanja kama wa Formula One. Mbio za saa za kuanzia zinahitaji eneo pana lililo tambarare, koni, kifaa cha kupima muda, watu wa bendera, ambulansi, gari la zimamoto na bima. Eneo lipo. Kisauni na upande wa Kilifi kuna matimbo yaliyochimbwa mawe yakaachwa mashimo. Wazee wetu walishaona timbo likigeuzwa: Haller Park pale Bamburi ilikuwa timbo la saruji, na kazi ya kulifufua ilianza 1971. Leo kuna viboko na twiga. Kama timbo liliweza kuwa msitu, haliwezi kuwa uwanja?

Wengine watasema ukiwapa vijana uwanja unawafundisha kukimbia zaidi. Sitawadanganya, mjinga mmoja atabaki barabarani hata ukimjengea Tsukuba Mtopanga. Lakini kijana aliyewahi kupimwa na saa hujua jambo ambalo wa barabarani halijui: kwamba yeye si mkali kama anavyodhani. Barabarani kila mtu ni bingwa kwa sababu hakuna anayepima. Uwanjani karatasi inasoma sekunde nne nyuma ya Vitz ya dada wa Likoni, na majigambo yote yanaisha hapo hapo. Kabla ya kuingia, gari lako linakaguliwa: breki, mikanda, tairi, mafuta yanayovuja. Huna helmeti, huendeshi. Hizo ndizo adabu wazee wanazozitaka.

Halafu kuna kazi. Nilitoka chuo kabla ya kumaliza, na nina marafiki tele wenye mikono ya dhahabu lakini hawana cheti cha kumwonyesha mtu. Siku ya mbio fundi anaonekana mbele ya umma: gari alilolijenga limetoka muda huu, lile la mwenzake muda ule. Hiyo ni siivii ambayo haiwezi kughushiwa. Kumbuka Safari Rally ya 1993, Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, kigari cha injini ya 660, akamaliza wa 12 kwa jumla na kuongoza daraja lake. Kigari kidogo, dereva wa hapa, dunia ikageuka kuangalia. Zamani rali hiyo ilikuwa ikishuka mpaka Pwani. Ilipoturudia 2021 kama raundi ya dunia, ikaenda Naivasha, sisi tukabaki na televisheni.

Kwa hivyo ombi ni hili. Kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikae meza moja na Shirikisho la Mchezo wa Magari la Kenya, KMSF, zitafute eneo moja, lifunguliwe hata Jumapili moja kwa mwezi. Polisi waje, si kwa pingu, waje kusimamia usalama. Wenye yadi za magari na maduka ya spea, mnaokula kwa vijana hawa kila siku, lipieni ambulansi.

Na nyinyi wasee wa ekzosti, msingoje serikali. Jiandikisheni kama klabu, chagueni viongozi, wekeni sheria yenu ya kwanza: anayekimbia barabarani hana nafasi kwetu. Mkienda kuomba uwanja huku usiku mnaamsha mtaa mzima, hakuna diwani atakayewasikiliza, na atakuwa na haki. Nyamazisheni barabara kwanza, ndipo mdai lami yenu.