Gari «la Japani yenyewe»: je, nchi lilipounganishwa ni alama ya ubora?

Katika maparki ya magari ya okazyo ya Butembo, Goma, Bukavu ao Lubumbashi, kuna neno moja linalofunga mazungumzo ya bei: «hili ni la Japani yenyewe». Gari la namna ile ile lililounganishwa Thailand ao Afrika Kusini linatazamwa kwa wasiwasi. Lililounganishwa Kigali ao Mombasa linatazamwa kwa wasiwasi zaidi. Kwa jamaa inayotoa akiba ya miaka mingi, ao kwa mtu anayenunua HiAce ya kubeba abiria, neno hilo lina uzito kwenye mfuko. Lakini lina ukweli kiasi gani?

Ukifuata njia ambayo gari linapitia tangu kiwandani hadi barabara zetu, unaona kwamba nchi ya kuunganisha ina uzito mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Mambo matatu yanaipita: namna kiwanda kinavyosimamia kazi, watu ambao gari lilitengenezewa, na maisha yake baada ya kuuzwa mara ya kwanza.

Kuunganisha ni kazi gani?

Toyota yenyewe inasema gari moja lina karibu pyesi 30.000, ukihesabu hadi msumari wa mwisho. Hakuna kiwanda kinachotengeneza zote. Zinatoka kwa mafundi wa makampuni mengi, katika nchi nyingi. Kiwanda cha mwisho kinachomelea mabati, kinapaka rangi, kinafunga motere, bwati ya vitesi, waya na viti, halafu kinakagua.

Karibu nasi, viwanda vingi vinafanya sehemu tu ya kazi hiyo. Kiwanda cha AVA cha Mombasa kinaunganisha Land Cruiser za pick-up kwa pyesi zinazoletwa ndani ya masanduku. Volkswagen ilifungua kituo chake cha Kigali mwezi wa 6 mwaka 2018, na magari yanafika pale yakiwa yamefungwa kwa sehemu kubwa. Mahali pa namna hiyo motere haitengenezwi. Inafika nzima kutoka kiwanda kikubwa.

Kwa hiyo mtu anayesema «motere ya gari hili ni dhaifu kwa sababu liliunganishwa Afrika» amekosea mahali pa kutafuta kasoro. Kinachoweza kuharibika wakati wa kuunganisha ni uchomeleaji, rangi, misumari isiyokazwa vizuri na waya zilizopitishwa vibaya. Kasoro hizo zinajionyesha kwa kutu, maji yanayoingia ndani, kelele na taa zinazozimika. Fundi wa garaji anaweza kuzitafuta kwa macho yake, bila kuuliza nchi.

Hilux ambayo Wajapani wanaagiza kutoka Thailand

Mfano ulio wazi zaidi tunauona kila siku. Hilux ni gari la mashirika ya misaada, la polisi na la wafanyabiashara katika majimbo yetu yote ya mashariki. Tangu kizazi kilichoanza mwaka 2004, viwanda vyake vikubwa viko Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Mwaka 2017, Toyota iliporudisha Hilux kwenye soko la Japani, iliileta kutoka Thailand. Wajapani wenyewe wananunua gari lililofungwa na mikono ya Wathai. Anayetafuta Hilux mpya ya «Japani yenyewe» anatafuta kitu ambacho hakiko.

Land Cruiser ya 70, ile inayoitwa kwa heshima kwenye barabara mbovu, inatoka kiwanda cha Yoshiwara, katika mji wa Toyota, Japani. Magari yote mawili yana jina zuri kwetu. Yana kampuni moja na kanuni moja za kazi, lakini hayana nchi moja.

Wafanyakazi wale wale, magari mengine

Kuna kisa cha Marekani kinachoeleza jambo hili vizuri. Mwaka 1982, General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California. Kilikuwa na sifa mbaya: migomo, watu wasiofika kazini, magari yanayotoka na kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale wa zamani, na sendika yao ilikuwa ile ile.

Kilichobadilika ni usimamizi. Mfanyakazi aliyeona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha mstari mzima wa kazi, ili kasoro itengenezwe pale pale na isiachiwe mwisho. Kwa muda mfupi, magari ya Fremont yalikaribia ubora wa yale ambayo Toyota ilitengeneza Japani. Corolla ziliendelea kutoka pale hadi mwaka 2010. Mji, wafanyakazi na sendika havikubadilika, ubora ulibadilika.

Japani nayo imeteleza

Kwa upande mwingine, jina la Japani halijazuia makosa makubwa. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza erbagi, ule mfuko unaofura kwenye volani ajali ikitokea. Dawa iliyotumiwa kuufurisha ilikuwa inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikifika hapo inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, na kurushia shofere vipande vya chuma. Watu zaidi ya 30 walikufa duniani, na karibu vifaa milioni 100 viliitwa virudishwe. Takata ilifilisika mwaka 2017.

Vifaa vingi kati ya hivyo vilitengenezwa katika viwanda vya Takata vya Marekani na Mexico, lakini vilifungwa hata katika magari yaliyounganishwa Japani. Magari ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda ya miaka ya 2000 yaliguswa, na kati yake kuna Corolla na RAV4, aina ambazo zimejaa kwenye barabara zetu. Mwenye gari wa kwanza, kule Japani, aliandikiwa barua ya kumuita garajini. Mwenye gari wa Kisangani hakuandikiwa. Na Kisangani ni mji wa joto na unyevu, kama vile Uvira na Kalemie ni miji ya joto.

Kisa cha pili ni cha Daihatsu, kampuni ndogo ya Toyota. Mwezi wa 12 mwaka 2023 ilisimamisha kupeleka magari yake yote sokoni, baada ya tume huru kukuta udanganyifu katika majaribio ya usalama uliogusa aina 64 za magari na injini, zikiwemo zinazouzwa kwa jina la Toyota. Kesi ya kwanza, ya mwezi wa 4 mwaka huo, ilihusu magari yaliyounganishwa Thailand na Malaysia. Mtu angeweza kusema haraka: «Unaona, ni ya Thailand». Lakini udanganyifu ulifanyika kwa Daihatsu yenyewe, katika kazi ya kuandaa na kupima gari. Wafanyakazi waliolifunga hawakuwa na kosa.

Gari lilitengenezewa nani?

Hapa ndipo tofauti kubwa inapopatikana. Mwezi wa 11 mwaka 2020, shirika la Global NCAP na chama cha magari cha Afrika Kusini waligonganisha magari mawili ya Nissan, uso kwa uso. Moja lilikuwa Hardbody mpya, lililotengenezwa Afrika Kusini kwa soko la Afrika. La pili lilikuwa Navara ya okazyo iliyouzwa Ulaya. Matokeo yalionyesha kwamba shofere wa Hardbody mpya angekufa, na yule wa Navara ya zamani angeweza kutoka na kutembea kwa miguu yake.

Je, hiyo si hoja dhidi ya viwanda vya Afrika? Tuangalie nchi ile ile. Mercedes za C-Class ziliunganishwa East London na kuuzwa Marekani. Volkswagen Polo zinaunganishwa Kariega na kuuzwa Ulaya, ambako zinatimiza sheria zote za usalama. Mikono ni ya Waafrika Kusini pande zote. Hardbody ilikuwa muundo wa miaka ya 1990, ulioendelea kuuzwa kwa sababu sheria za masoko yetu hazikuukataza. Kampuni inatoa kile ambacho soko linadai, na soko lisilodai kitu linapata kidogo.

Swali hilo hilo linahusu hata gari la Japani yenyewe. Japani wanapita kushoto mwa barabara, sisi tunapita kuume. Volani iko kuume, na kila shofere anajua taabu ya kupita lori akiwa hivyo. Lakini kuna mengine mawili yanayosemwa mara chache. Taa za gari hilo zilipangwa zimulike zaidi upande wa kushoto, ulio kando ya barabara kule Japani. Kwetu upande huo ndiko wanakotoka wengine, na mwanga unawaingia machoni. Na mlango wa HiAce uko kushoto, kwa hiyo abiria, mama mwenye mtoto mgongoni, anashukia katikati ya barabara. Gari lilitengenezwa vizuri kabisa. Lilitengenezewa watu wengine.

Maisha ya pili

Kwa gari la okazyo, miaka iliyopita baada ya kiwanda inahesabika kuliko siku liliyotoka kiwandani. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani waliyauza nje kati ya mwaka 2015 na 2018. Karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Magari yaliyochunguzwa Uholanzi kabla ya kupakiwa, mengi hayakuwa tena na cheti halali cha kuonyesha kwamba yanafaa barabarani.

Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila miaka 2. Una gharama, na watu wengi wanaona ni heri kuuza gari kuliko kulilipia tena. Hiyo ni sababu moja ya magari mengi mazuri kutoka kule kwa bei ndogo. Lakini gari lililotoka Hokkaido, ambako chumvi inamwagwa barabarani wakati wa theluji, linaweza kuwa na kutu chini, hata kama juu linang'aa.

Likifika kwetu, linakutana na mashimo, vumbi, na mafuta ya Kadhafi wa kando ya barabara ambayo yamepita vidumu vingi. Motere mpya za dizeli, zenye pompa za nguvu nyingi, zinateseka kwa mafuta machafu kuliko motere za zamani. Motere ya Japani haina kinga ya pekee dhidi ya maji ndani ya mazutu.

Namba ya shasi inasema nini

Anayetaka kujua asili ya gari asisikilize mdomo wa muuzaji, asome namba ya shasi. Magari mengi duniani yana namba ya alama 17. Ikianza kwa J, ni Japani. MR, ni Thailand. AH, ni Afrika Kusini. K, ni Korea Kusini. L, ni China. Kwa magari ya Ulaya inafaa kuangalia: Polo iliyounganishwa Uhispania inaweza kuanza kwa W ya Ujerumani. Kiwanda chenyewe mara nyingi kinaonyeshwa na alama ya 11.

Magari yaliyotengenezewa Wajapani wenyewe hayana alama 17. Yana namba fupi: kwanza alama za modeli, halafu kistari, halafu tarakimu. Namba hiyo ina faida kubwa. Makampuni ya Japani yana kurasa kwenye intaneti ambako mtu anaiandika na kuona kama gari liliitwa kurudi garajini, kwa mfano kwa ajili ya erbagi za Takata. Kurasa ni za Kijapani, lakini simu inaweza kutafsiri. Ni kazi ya dakika chache kabla ya kutoa dola elfu nyingi.

Kazi hiyo haipaswi kuachiwa mnunuzi peke yake. Kenya hairuhusu wakaaji wake kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Gari ambalo jirani hawalitaki linaweza bado kupita kwao kama mzigo wa transit, likielekea Kasindi ao mpaka mwingine wa Congo. Pale linakutana na duane na OCC, ofisi ya serikali yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia. Duane inataka kujua thamani ya gari ili lilipiwe kodi. OCC ingeweza kutaka kujua zaidi: je, liliitwa kurudi kiwandani na kutengenezwa? Chini kuna kutu? Taa na milango vinafaa nchi inayopita kuume?

Hadi maswali hayo yaulizwe mpakani, ni juu ya mnunuzi kuyauliza kwenye parki, na kwenda na fundi wake. Gari la Thailand lenye shasi safi na historia inayojulikana linafaa kuliko la Japani lenye kilometa zilizorudishwa nyuma. «Japani yenyewe» inasema mahali gari lilizaliwa. Haisemi limeishi namna gani, wala kama shofere atapona siku ya ajali.