Tungoje kwa furaha, lakini feza ibaki mufukoni

Mara kwa mara habari inazunguka: filamu fulani ya kuchekesha, ile watu wanajua maneno yake kwa kichwa, inatengenezewa mashini mupya ya flipa. Picha moja inatoka, ao sauti kidogo tu, na wapenzi wanaanza kungoja kama watoto wenye kungoja Noeli. Hatuoni ubaya. Kungoja kitu kizuri ni sehemu ya utamu wake. Lakini kuko jambo moja tunataka kulisema wazi: kungoja ni bure, na kunapaswa kubaki bure mpaka siku mashini itasimama mbele ya watu na kucheza.

Kwetu baby-foot njo inajulikana zaidi, basi tueleze kidogo. Flipa ni sanduku la miguu mine, na ndani yake ubao wenye kuinama, wenye kufunikwa na kioo. Kipira cha chuma kinashuka, na muchezaji anakirudisha juu kwa mikono miwili midogo, kwa kufinya butoni za pembeni. Muchezo ulitoka kwa bagatelle ya Ufaransa, kiisha ukakomalia Chicago. Kule, mwaka wa 1947, kompanyi ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, flipa iliyoleta ile mikono. Kila mara mukono unapiga, ni umeme unaopita katika waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na kuvuta chuma. Sisi watu wa inchi ya shaba hatuwezi kusema kwamba muchezo huu hautuhusu hata kidogo.

Juu ya nini filamu ya kuchekesha? Juu filamu ya namna hiyo, kama watu wameipenda kweli, hawaiangalii mara moja. Wanairudilia, wanasema maneno pamoja na wachezaji, wanacheka mbele hata kichekesho hakijafika. Flipa nayo ni kurudilia. Kipira kinaanguka kiisha dakika mbili, unaanza tena, na mashini inakusemesha maneno yale yale. Kama kichekesho kimekuchokesha mara ya kumi, mashini imekufa. Kama mara ya mia bado unacheka, watengenezaji wamefaulu.

Mufano mukubwa ni The Addams Family. Filamu ilitoka mwaka wa 1991, mashini ikafuata mwaka wa 1992. Raul Julia na Anjelica Huston, wenye kucheza bwana na bibi katika filamu, walirekodi maneno mapya kwa ajili ya mashini. Zaidi ya mashini 20,000 ziliuzwa. Lakini tuangalie nani alikuwa anazinunua: zaidi sana ni wenye baa na wenye nyumba za michezo. Walinunua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Muchezaji aliingiza kipande chake cha feza, na kama mashini haikumupendeza, alipoteza kile kipande tu, akaenda zake.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka wa 1999 kompanyi ya Williams, ile iliyotengeneza The Addams Family, iliachana na kazi ya flipa. Siku hizi wanunuzi mingi ni watu wenye kutaka mashini katika nyumba yao, na pembeni ya makompanyi makubwa kumetokea madogo, yenye upendo mingi na feza kidogo. Hapo njo desturi ya kulipa mbele iliingia. Unapenda filamu, unatoa avansi, unangoja.

Tunakumbusha historia ya The Big Lebowski. Filamu hiyo ya ndugu Joel na Ethan Coen ilitoka mwaka wa 1998 na haikupata watu wengi. Lakini polepole ikapata watu wake. Tangu mwaka wa 2002 wapenzi walianza kukusanyika Louisville, katika jimbo la Kentucky, kwa sikukuu ya Lebowski, wakivaa kama watu wa filamu. Mwaka wa 2014 Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazopaswa kulindwa kwa ajili ya vizazi.

Mwaka ule ule wa 2014, kompanyi ndogo ya Uholanzi, Dutch Pinball, ikaonyesha kwamba inatengeneza flipa ya Lebowski. Bei ilikuwa dola 8,500. Chini ya ubao wa kuchezea kuliwekwa uwanja mudogo wa bowling, na vinguzo vya kuangusha, sawa vile katika filamu. Watu walipenda kitu hicho sana, na tunaelewa. Wengi walilipa.

Kiisha? Mashini kidogo tu zilitoka. Dutch Pinball na kiwanda kilichokuwa kinazijenga, pale pale Uholanzi, wakakosana juu ya malipo, na kazi ikasimama. Watu waliokuwa wametoa maelfu ya dola wakabaki wanangoja, mwaka mumoja, miaka miwili, na zaidi. Feza imekwenda, mashini haiko. Katika filamu, bwana Lebowski anaanza taabu yake yote juu ya kudai tapi yake iliyochafuliwa na watu wasiomujua. Wapenzi wake nao wakawa vile vile: watu wenye kudai kitu chao, bila kujua mulango gani wa kupiga.

Hatutaki kukosea mutu. Wasomaji wazee wanakumbuka mwaka wa 1991, wakati Bindo ilikusanya feza ya watu Kinshasa kwa kuwaahidi kwamba itaongezeka mara nyingi, kiisha yote ikaanguka. Lebowski haiko Bindo. Hapa mashini ilikuwapo kweli, ilikuwa nzuri, na kiisha miaka kazi ikaanza tena na mashini zikaendelea kutengenezwa. Lakini kwa mwenye kulipa, usiku wa kungoja unafanana. Ukweli wa moyo wa mutengenezaji hauwezi kulipa kiwanda. Na ni hapo tunaona hatari: mutu anapoamini muongo, anaweza kujifunza, anapoamini mutu mwenye moyo safi lakini bila feza ya kutosha, atarudilia kesho.

Kuko wenye kutujibu: bila avansi, kompanyi ndogo haiwezi kuanza, na tutabaki na mashini za makompanyi makubwa peke yake. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Hatusemi kwamba avansi ikatazwe. Tunasema iwe na mipaka. Kwanza, iwe kidogo, ya kushika nafasi tu, na irudishwe kama mutu amebadilisha mawazo. Pili, ikae pembeni, isilipie mishahara ya leo wala madeni ya jana. Tatu, feza nzima isiombwe mbele mashini kamili haijachezwa na watu wasio wa kompanyi. Nne, mutengenezaji aseme wazi nani anajenga mashini, na nani atajibu kama kiwanda kimefunga mulango. Ahadi ni deni, na mwenye deni haoni haya kuonyesha kitabu chake.

Kwa wapenzi nao tuna neno. Kila mara mutu mumoja anauliza feza iko wapi, wengine wanamunyamazisha: unaharibu furaha, unachukia mashini. Hapana. Huyo njo anaipenda zaidi, juu anataka ifike. Kununua mbuzi katika gunia hakuongezi upendo wa mbuzi.

Na tusisahau kwamba hizi filamu zimepata nguvu kwa kungoja. Lebowski haikupendwa siku ya kwanza. Ilihitaji miaka ili watu wairudilie na kuisambaza kutoka mudomo hadi mudomo. Mashini nzuri nayo haitakimbia. Itatoka kiwandani, itapangwa katika ukumbi fulani, watu wataicheza na kutuambia kama vichekesho vyake bado vinachekesha mara ya mia. Tangu leo mpaka siku ile, tuangalie filamu tena, tubishane juu ya maneno gani mashini itasema, tucheke. Hayo yote hayaombi avansi.