Vijana, panga liko kamatini!

Vijana wenzangu, tunakesha kijiweni tukibishana nani atashinda kwenye mkutano mkuu wa chama. Tumechelewa! Siku ya mkutano ni siku ya harusi. Posa na mahari vilishamalizwa zamani na wazee wachache.

Itazameni CCM pale Dodoma, Julai 2015. Makada 38 walirudisha fomu za kuomba urais. Kamati Kuu ikajifungia, ikatoka na majina matano. Edward Lowassa, aliyekuwa gumzo la nchi nzima, hakuwemo. Halmashauri Kuu ikayachuja yakabaki matatu. Ndipo wajumbe wa mkutano mkuu wakaachiwa kura, wakampitisha John Magufuli. Panga lilipita wapi? Kamatini, si ukumbini!

Lakini wapinzani tusimcheke jirani. Lowassa alihamia CHADEMA mwezi huo huo, na hazikupita wiki mbili mkutano mkuu ukampitisha kugombea urais. Je, kijana wa tawini Manzese, aliyebandika mabango usiku kucha, aliulizwa lini?

Kigogo hapendi kuulizwa maswali, anapenda makofi. Basi tusimpe makofi ya bure. Lipa ada, hudhuria kikao cha tawi, gombea ujumbe. Dai ajenda ije mapema, na muhtasari wa kikao kilichopita usomwe. Wajumbe wa juu huanzia huko huko chini.

Tunadai demokrasia Ikulu. Tuanze kuidai ndani ya vyama vyetu. Asiyeingia jikoni hula alichopakuliwa!