BARUA PEPE IKIKUKATAA, MUULIZE JIRANI KWANZA

Ndugu msomaji, siku hizi mambo mengi hupitia kwenye barua pepe. Kijana anayeomba nafasi ya Chuo Kikuu huulizwa anwani yake ya barua pepe. Anayetafuta kazi huulizwa pia. Chama cha ushirika hupokea barua za ofisi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akishindwa kufungua barua pepe yake, anaweza kukosa haki yake. Tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri mtu.

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo moja linalowasumbua wengi. Kioo cha kompyuta kinasema kuwa neno lako la siri si sahihi. Wewe unajua kuwa ni sahihi. Nani anasema kweli?

TUSEME UKO KITETE

Tuseme umetoka kijijini, umefika Kitete, mjini Tabora. Umeingia kwenye steshenari yenye kompyuta sita. Kompyuta zote, pamoja na simu za wateja, zinatumia intaneti moja.

Unaandika anwani yako. Unaandika neno lako la siri. Kioo kinajibu: "Neno la siri si sahihi." Unajaribu tena. Jibu ni lile lile. Unajaribu mara ya tano na ya sita. Sasa unaambiwa kuwa akaunti yako imefungwa kwa muda. Nauli imekwenda. Fedha ya steshenari imekwenda. Kazi haikufanyika.

Usikate shauri haraka kwamba umesahau. Mara nyingine kosa haliko kwenye neno la siri. Kosa liko njiani.

SANDUKU MOJA LA POSTA

Wazee wanakumbuka sanduku la posta la pamoja. Watu wengi wa kijiji walitumia S.L.P. ya shule au ya misheni. Mtu wa mbali hakuijua nyumba yako. Aliiona namba ya sanduku tu.

Intaneti ya pamoja ni hivyo hivyo. Kile kisanduku kinachogawa intaneti, ambacho huitwa ruta, kina anwani moja ya nje. Anwani hiyo ni namba. Watu kumi wakitumia ruta moja, huko nje wote wanaonekana kwa namba moja. Makampuni ya simu nayo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Sababu yake ni uhaba. Anwani za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu. Watu duniani wamepita bilioni 8. Mwezi Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa kanda zote tano. Zipo anwani za aina mpya, nazo ni nyingi mno, lakini zile za zamani bado zinatumika. Ndiyo maana tunachangia.

Sasa fikiri. Katika steshenari ile, watu wengi wanajaribu kuingia kwa wakati mmoja. Wengine wanakosea maneno yao ya siri. Au kompyuta moja ina virusi, na inatuma barua za ulaghai usiku na mchana bila mwenyewe kujua. Kampuni ya barua pepe huko mbali inaona mambo haya yote yanatoka kwenye anwani moja. Inashuku kuwa ni mwizi anayebahatisha. Inaweza kuwafungia mlango wote wa anwani hiyo kwa muda. Wewe huna kosa, lakini umo katika sanduku lile lile.

KWA NINI KIOO HAKISEMI KWELI?

Programu za barua pepe zina majibu machache. Zikikataliwa kwa sababu yoyote, nyingine huuliza neno la siri upya, au husema neno la siri si sahihi. Ni kama mlinzi wa geti aliyefundishwa jibu moja tu. Makampuni nayo hayapendi kueleza mengi, maana maelezo hayo yangemsaidia mwizi.

Chukua mfano huu. Tarehe 30 Mei 2022 kampuni ya Google ilianza kuzizuia programu za zamani zinazoingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa neno la siri peke yake. Mtu mwenye kompyuta ya zamani aliandika neno lake sahihi, nalo likakataliwa. Neno halikubadilika. Sheria ya mlangoni ndiyo iliyobadilika.

NJIA HUFUNGWA TANGU ZAMANI

Sisi wa Tabora tunayajua mambo ya njia. Mwezi Novemba 1870 mfuko wa barua za Dk. Livingstone ulitumwa kutoka Zanzibar kwenda Ujiji. Mwaka 1871 Stanley aliukuta bado uko Kwihara, karibu na Tabora. Vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Jina lililoandikwa juu ya mfuko lilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa njiani.

Mwezi Mei 2024 jambo la namna hiyo lilitokea tena. Nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania na nchi jirani zikapata shida ya intaneti. Siku kama hiyo, kubadilisha neno la siri hakusaidii kitu.

FANYA HIVI

1. Simama baada ya mara mbili. Kila unapokosea, hesabu ya makosa huongezeka. Usibadilishe neno la siri kwanza.

2. Soma maneno yote yaliyo kwenye kioo. Yaandike kwenye karatasi. Kama yanasema "umejaribu mara nyingi mno", basi dawa ni kusubiri.

3. Kagua uandishi wako, kwa kuwa mara nyingine kosa ni letu kweli. Herufi kubwa na ndogo si sawa. Nafasi tupu mwishoni huharibu neno. Kama kuna alama ya jicho, ibonyeze ili uone ulichoandika. Lakini angalia kwanza nani yuko nyuma yako.

4. Muulize jirani: "Wewe unaingia?" Kama wote wamekataliwa, karibu hakika kosa ni la njia. Kama wewe peke yako umekataliwa, kosa huenda ni lako au la akaunti yako.

5. Fungua ukurasa mwingine wowote, kama wa gazeti. Usipofunguka, pengine bando limekwisha, au ruta inadai vocha kwanza.

6. Jaribu njia nyingine. Zima intaneti ya pamoja kwenye simu yako. Tumia bando la laini yako mwenyewe, mara moja tu. Ukiingia, neno lako la siri ni zima. Njia ya pamoja ndiyo mbovu.

7. Tazama tarehe na saa ya kompyuta au simu. Zikiwa zimepotoka sana, mlango wa siri wa intaneti haufunguki.

8. Mwambie mwenye steshenari. Aizime ruta na kuiwasha tena. Azikague kompyuta zake kama zina virusi. Hii si lawama. Ni faida yake pia, kwa sababu wateja wake wote wanaumia.

JIHADHARI

Ukishindwa, atatokea mtu wa kukusaidia. Wengi wana nia njema. Hata hivyo, usimpe mtu neno lako la siri. Mwache akuelekeze, wewe mwenyewe uandike.

Tena, ukitumia kompyuta ngeni, kampuni inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Kwa hiyo nenda na simu yenye laini ile uliyoandikisha. Namba hiyo ni yako peke yako. Mtu akikupigia na kuiomba, hata akisema yeye ni wa kampuni, usimpe.

Ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti yako. Ukiondoka bila kutoka, atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako anaweza kusoma barua zako zote.

Mwisho, ndugu msomaji, usingoje siku ya mwisho ya maombi. Nenda mapema, ili njia ikifungwa leo uwe na kesho. Kata ukurasa huu, uweke pamoja na vyeti vyako. Na kama jirani yako hajui kusoma vizuri lakini mtoto wake anaomba chuo mwaka huu, msomee.