Kongosho Linalotupwa Kichinjioni Lingemwokoa Mbwa Anayekonda

Katika vichinjio vyetu vidogo vya Kieni, kaunti ya Nyeri, ng'ombe akishapasuliwa kila kitu hupata mwenyewe. Maini na figo huenda buchani, matumbo yana wateja wake, ngozi ina mnunuzi, hata mifupa ya miguu hugombaniwa na wapika supu. Kongosho ndilo mara nyingi halina wa kuliuliza. Ni kipande kirefu cha rangi ya waridi iliyofifia, kimejibanza pale utumbo mwembamba unapoanzia, na mchinjaji hulikata pamoja na mafuta akalitupa shimoni. Ninachotaka nitakisema mapema: lisitupwe lote. Kuna mbwa Endarasha, Mweiga na Watuka wanaokonda hadi kufa kwa sababu kongosho lao wenyewe limekufa, na tiba yao ndiyo hiyo tunayoifukia.

Mimi ni mtabibu wa mifugo wa ngazi ya diploma. Nilisomea chuo cha AHITI, Nyahururu, na kazi inayonilisha ni ng'ombe wa maziwa: kupandisha kwa mbegu, homa ya maziwa, ugonjwa wa kiwele, ndigana. Lakini hakuna boma ninaloingia huku bila kwanza kumpita mbwa. Ua wa umeme wa Aberdare, wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009 na umewapunguzia wakulima adha ya ndovu. Dhidi ya mwizi wa ng'ombe anayekuja saa nane za usiku na lori limezimwa taa, bado tunamtegemea mbwa. Ndiyo maana watu waliouza viazi vizuri hununua mtoto wa German Shepherd, au chotara wake, kwa bei ambayo majirani huihadithia. Na uzao huo hasa ndio unaoongoza duniani kwa ugonjwa ninaouzungumzia.

Nilikutana nao kwa mama mmoja mzee, cucu kama tunavyomwita nyanya huku, juu ya barabara, karibu na msitu. Mbwa wake alikuwa hajafika miaka mitatu. Mbavu zilihesabika, uti wa mgongo umejitokeza, manyoya yamekufa rangi na yananata mafuta karibu na mkia.

"Daktari, nimempa dawa ya minyoo mara tatu," alisema. "Ya agroveti, ile ghali."

"Cucu, anakula?"

"Anakula kuliko wajukuu wangu wote. Akimaliza anakula na mavi yake. Majirani wanasema namnyima chakula."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomuumiza. Mtu anapika sufuria nzima ya ugali na vichwa vya samaki, anamtazama mnyama akimaliza akilamba chombo, halafu anaitwa mchoyo njiani anapokwenda kanisani. Niliomba kuona kinyesi. Kilikuwa kingi kupita kiasi kwa mbwa wa uzito ule, cha rangi ya manjano iliyopauka, laini, kinang'aa mafuta na kunuka vibaya. Punje za unga zilionekana karibu kama zilivyoingia. Chakula kilikuwa kinampita tu.

Kongosho lina kazi mbili. Moja ni kutengeneza insulini inayotawala sukari ya damu. Ya pili, ambayo huku husikii mtu akiitaja, ni kumwaga ndani ya utumbo vimeng'enya vinavyovunja mafuta, wanga na protini. Kwa German Shepherd wengine, chembe zinazotengeneza vimeng'enya hivyo hunyauka mbwa akiwa bado kijana, mara nyingi kati ya mwaka mmoja na minne. Kongosho lina akiba kubwa sana, na kwa hiyo dalili hazionekani mpaka takriban asilimia 90 ya uwezo huo imekwisha. Mwenye mbwa anapoanza kushangaa, ugonjwa umeshafanya kazi yake siku nyingi. Na kwa kuwa unafuata ukoo, mbwa aliyeugua asizalishwe. Hili nawaambia hasa wanaofuga kwa ajili ya kuuza watoto wa mbwa.

Kupima kunawezekana. Tangu miaka ya 1980 kuna kipimo cha damu kinachotafuta tripsini na mtangulizi wake, vitu ambavyo hutoka katika kongosho peke yake. Mbwa huzuiwa kula kwa saa nane hadi kumi na mbili, damu hutolewa, seramu hutenganishwa. Ikiwa chini ya maikrogramu 2.5 kwa lita pamoja na dalili nilizozitaja, jibu limepatikana. Seramu hiyo haiharibiki upesi, kwa hiyo inaweza kutoka Endarasha ikafika Nairobi ikiwa bado nzima. Kliniki ya Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete, au daktari yeyote wa wanyama wadogo, ndiye wa kuulizwa inakopimwa. Paka ana kipimo chake; cha mbwa hakimfai.

Vitabu hupendelea kipimo kabla ya tiba, na vina haki, kwa sababu mbwa anaweza kukonda kwa minyoo, kwa homa za kupe, kwa figo au kwa utumbo wenyewe. Hata hivyo, kwa cucu asiye na fedha za maabara wala nauli ya Nairobi, sikubali kwamba jibu liwe kumwacha mbwa afe. Minyoo ikishaondolewa, kupe wameangaliwa, damu imetazamwa kwa darubini na dalili bado ni zilezile, mpe kongosho bichi kwa majuma machache umwone. Mbwa mwenye ugonjwa huu mara nyingi hubadilika kinyesi ndani ya siku chache, na uzito hufuata.

Namna yake ni nyepesi. Kongosho la ng'ombe aliyekaguliwa hukatwakatwa vipande vidogo na kuchanganywa na chakula kilichopoa, mara mbili kwa siku. Gramu 30 hadi 90 kwa mlo ndicho kiasi cha kuanzia, ukiongeza au kupunguza kwa kutazama ukubwa wa mbwa na kinyesi chake. Lisichemshwe kamwe, wala lisitiwe kwenye ugali wa moto, kwa maana joto huua vimeng'enya na utakuwa umempa nyama tu. Kwenye friza hukaa miezi bila kupoteza nguvu. Unga wa vimeng'enya unaouzwa madukani hufanya kazi hiyohiyo, lakini ni wa kuagizwa na bei yake si ya mkulima wa kabichi. Wengi wa wagonjwa hawa pia huwa wamepungukiwa vitamini B12, na bila hiyo hata kongosho bora halitawanenepesha. Sindano ya B12 kila juma kwa majuma sita, kisha moja baada ya mwezi, ni jambo ambalo mtabibu yeyote wa ng'ombe ana uwezo nalo. Matibabu ya kongosho lenyewe ni ya maisha. Ukiacha, mbwa anarudi alikokuwa.

Najua mkaguzi wa nyama ataniuliza nini, na ana haki ya kuuliza. Tumewafundisha watu miaka na miaka wasiwape mbwa viungo vibichi kutoka kichinjioni. Mapafu na maini yenye malengelenge ya hidatidi, mbwa akiyala, humpa tegu mdogo ambaye mayai yake humrudia mwanadamu na kuota vifuko tumboni. Turkana na Umasaini wanaujua ugonjwa huo kwa makovu ya upasuaji. Siombi katazo hilo liondolewe. Naomba kiungo kimoja, kilichotazamwa kwa macho ya mkaguzi na kupasuliwa, kiwekwe kando kwa mbwa aliyeandikiwa na daktari, kigandishwe siku kadhaa kabla ya kuliwa, na mbwa huyo apewe dawa ya tegu kwa ratiba. Huo ni utaratibu mkali kuliko ulivyo sasa, ambapo mbwa wa mtaani hufukua shimo la kichinjio usiku na kula chochote.

Kiungo hiki kina historia ambayo ingetosha kukipa heshima. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mkojo wake ukajaa sukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwarudishia nguvu mbwa wenye kisukari kwa maji yaliyotolewa kwenye kongosho, na walipohitaji mengi zaidi walikwenda kuyatafuta vichinjioni. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini ya kongosho la ng'ombe. Tangu hapo hadi insulini iliyotengenezwa maabara ilipoingia sokoni mwaka 1982, karibu kila mgonjwa wa kisukari aliyeihitaji duniani aliishi kwa makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Kila mzee wa Nyeri anayejidunga asubuhi ana deni kwa mbwa wale. Sisemi hivi kwa mapambo. Nasema kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba mbwa hastahili kipimo cha damu.

Kongosho lina ugonjwa mwingine, wa ghafla, nao huja zaidi Desemba. Watu wamechinja, mafuta na ngozi za nyama choma zimemwagwa, na kesho yake mbwa anatapika, amejikunja, wakati mwingine anainamisha kifua chini na kuinua makalio kwa maumivu. Kongosho limevimba na linajimeng'enya lenyewe. Kijijini jibu ni moja: ametegewa sumu. Anakamatwa, anafunguliwa mdomo, anamiminiwa mafuta ya kupikia au maziwa. Kama ni kongosho, hayo ni mafuta juu ya ugonjwa unaochukia mafuta. Na mnyama anayetapika akilazimishwa kumeza, kinywaji huingia mapafuni. Tena mbwa anayetokwa mate na kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa, na mkono wako uko mdomoni mwake. Acheni mafuta. Anachohitaji ni maji ya mshipani, dawa ya maumivu, dawa ya kuzuia kutapika, na akitulia tu, chakula chepesi kisicho na mafuta. Ile kanuni ya zamani ya kumshindisha njaa siku kadhaa imeachwa.

Paka ni mgumu zaidi. Mara nyingi hatapiki wala halii. Hujificha chini ya kitanda na kuacha kula, basi. Paka ambaye hajala siku mbili au tatu si wa kungojwa, kwa kuwa mafuta ya mwili wake huanza kulijaza ini, na hilo peke yake linaweza kumuua.

Kwa idara ya mifugo ya kaunti nina maombi machache yasiyohitaji jengo jipya. Wakaguzi wetu waelekezwe kutenga makongosho safi kila siku ya kuchinja na kuyauza kwa bei ndogo kwa wenye karatasi ya daktari. Kila kichinjio chenye friza kiweke rafu moja. Watabibu wanaposajiliwa upya na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, mafunzo yao ya kila mwaka yawe na saa moja ya wanyama wadogo, badala ya ng'ombe kuanzia asubuhi hadi jioni. Na mwenye mbwa anayekula sana na bado anakonda, asinunue dawa ya nne ya minyoo: aniletee kinyesi cha asubuhi kwenye kikopo, na amlete mbwa kabla hajamlisha, ili damu itoke siku hiyohiyo.