Mursik Si Mshahara

Kila binti wa kwetu anaposhuka pale JKIA na dhahabu shingoni, mambo huenda vilevile. Kibuyu cha mursik kinaletwa, anapiga funda, anavishwa sinendet, wanasiasa wanapanga foleni ya selfie. Kesho yake picha iko kwa kila simu: shujaa wetu, fahari yetu, binti yetu. Sina shida na mursik, nimelelewa nayo. Shida yangu ni kwamba kwa hizo kelele zote hakuna anayemuuliza swali ambalo mtu yeyote wa kazi huulizwa: dada, mkataba wako unasemaje?

Maanake kukimbia ni kazi. Si kipaji tu, si zawadi ya Mungu tu, si "hawa Wakalenjin ni damu". Ni kazi ya kuamka saa kumi na moja asubuhi kwenye baridi ya Kericho, kwa miaka, kwa mwili ambao ukiumia hakuna pesa. Kazi yoyote ina mwajiri, ina malipo, ina likizo, ina siku ya kustaafu. Ya kwake iko na nini?

Mimi ni mtoto wa laini. Mama alichuma majani kwa kampuni ya chai miaka mingi, kikapu mgongoni, akilipwa kwa kilo. Sitaipamba hiyo kazi, ni ngumu na pesa ni kidogo. Lakini mama alikuwa na chama. KPAWU ilikaa mezani na matajiri wa chai ikatia saini mkataba wa pamoja, na mwaka wa 2016 wachumaji wa Kericho na Bomet waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 30 ambayo mahakama ilikuwa imewapa. Akijifungua, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya likizo na mshahara wake kamili. Iko kwa karatasi, na karatasi unaweza kwenda nayo kortini.

Sasa mchukue msichana wa miaka 19 kutoka kijiji kilekile, mwenye mbio. Anawekewa mbele karatasi za kurasa kumi kwa Kiingereza cha mawakili. Anaambiwa atie saini haraka, ndege ni Alhamisi. Kisheria yeye si mfanyakazi wa yeyote. Kampuni ya viatu haijamwajiri, wakala hajamwajiri, Athletics Kenya haijamwajiri. Akishika mimba au akivunjika kifundo cha mguu, hiyo ni shida yake.

Mtanijibu: wacha bana, hao wako na mamilioni. Nani? Tuanze na aliye juu kabisa. Beatrice Chebet wa Kericho, aliyejengewa mbio Londiani, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, Mei 2024. Miezi mitatu baadaye alibeba dhahabu mbili Paris. Julai 2025 akawa wa kwanza kushuka chini ya dakika 14 kwa mita 5,000. Na bado yeye ni afisa wa polisi. Hebu fikiria hilo. Mwanamke mwenye kasi kuliko wote duniani kwa umbali huo yuko kwa orodha ya mishahara ya polisi, na wenzake wengi wako jeshini au magereza. Si bahati mbaya. Kila mzazi wa huku anajua kwamba pensheni, bima na likizo ya uzazi ziko kwa sare ya serikali, hazipatikani kwa mbio. Yule ambaye polisi hawakumchukua anabaki na viatu tu.

Na walio wengi si Chebet. Ni wale wanaolipwa kuongoza mbio hadi nusu kisha watoke. Ni wale wanaokimbia barabara za miji midogo Ulaya wakitafuta nafasi ya nne. Mercy Cherono wa Sotik alimaliza wa nne Rio 2016 kwa mita 5,000. Wa nne duniani! Hakuna nishani ya nafasi hiyo, na nani alimpangia foleni ya selfie?

Suala la mimba si la kubuni. Mwaka wa 2019 wakimbiaji wa Marekani, Alysia Montaño na Allyson Felix, walisema hadharani jinsi kampuni za viatu zilivyowabana walipopata watoto. Nike ikabadilisha mikataba yake mwaka huohuo. Walisikizwa kwa sababu walikuwa na majina, mawakili na magazeti makubwa. Binti wa Bomet anayepunguziwa pesa kimyakimya atampigia nani simu?

Halafu kuna jambo ambalo tunaliogopa. Pesa ya mwanariadha wa kike huku kwetu hupita mikononi mwa wanaume: kocha ambaye amegeuka mume, mume ambaye amegeuka meneja, shamba lililoandikwa jina la mwingine. Agnes Tirop, jirani yetu wa Nandi, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa na akakana mashtaka. Hiyo ni ya korti, siingilii. Ninachosema ni kwamba tulilia, tukaandika hashtegi, kisha tukawaacha wasichana wengine na mpango uleule: pesa nyingi ghafla, na hakuna ofisi ya kukimbilia.

Kuna wanaosema michezo haiwezi kuendeshwa kama kiwanda. Waangalie Australia. Ligi ya wanawake ya kandanda yao, ile ya mpira wa mayai unaopigwa kwa mkono na mguu, ilianza 2017 na timu nane. Mmoja wa wachezaji wa msimu ule alikuwa Akec Makur Chuot, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyepitia kambi yetu ya Kakuma kabla ya kufika huko. Pesa zilikuwa za aibu, wengi walikuwa na kazi nyingine. Lakini walikuwa na chama cha wachezaji, na chama hakikuomba selfie. Mwaka wa 2022 malipo yalipanda kwa asilimia 94, kima cha chini kikapita dola 39,000 za Australia. Mwaka wa 2023 wanawake na wanaume wakaingia kwenye mkataba mmoja. Ligi sasa ina timu 18. Hao hawatushindi kwa mbio. Wanatushinda kwa karatasi.

Wetu walishajaribu. Novemba 2015 wanariadha waliivamia Riadha House, Nairobi, wakafunga milango kwa siku kadhaa wakidai uwajibikaji. Walikuwa na hasira ya haki. Ila kufunga mlango ni mwanzo tu. Mlango ukifunguliwa lazima kuwe na mkataba mezani, na mtu mwenye mamlaka ya kuusaini.

Basi madai ni haya. Michezo ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hivyo Kericho na Bomet ziweke wakili wa kumsomea kila msichana mkataba wake kwa Kiswahili au Kikipsigis kabla ya kalamu kushuka. Akaunti ya benki iwe kwa jina lake, peke yake. Athletics Kenya ikatae kumtambua wakala yeyote ambaye mikataba yake haimlindi mama mjamzito. Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013 lije huku Kericho likae, badala ya kungoja msichana apate nauli ya Nairobi. Na wanariadha wenyewe wawe na chama chenye makali ya kile cha mama.

Mei 2023 mashine za kuvuna chai zilichomwa moto huku kwetu kwa sababu watu waliona kazi ikiondoka. Mikono inayohitajika shambani inapungua kila mwaka, na msichana wa laini anaambiwa: wewe kimbia. Sawa, atakimbia. Lakini tukimtoa kwa kazi yenye chama na kumpeleka kwa kazi isiyo na chochote, tusijidanganye ati tumemwinua.