Weka Doo Kwa Betri, Si Kwa Rimu

Wacha niseme hii kitu mapema ndio mnitukane vizuri. Wengi wetu tunaojiita wapenzi wa saa hatupendi saa. Tunapenda macho ya watu yakitua kwa mkono wetu. Na wengi wanaosema wanapenda kuboresha magari wanapenda tu vile vichwa vinageuka wakipita. Sioni shida na kupenda kuonekana. Shida ni kuita hiyo hobi, halafu kuilipia kwa pesa ya mkopo.

Naanza na aibu yangu ndio msiseme nawahubiria. Nikiwa mwaka wa pili campo nilikopa elfu tatu na mia tano kwa simu, nikaenda tao nikanunua "Rolex". Hizo alama za kunukuu unajua zinafanya nini hapo. Inang'aa kama sufuria mpya, nzito mpaka mkono unachoka. Wiki mbili nzima nilitembea na mikono ya shati imekunjwa, na hiyo ilikuwa baridi ya Julai. Halafu mtihani ukafika. Simu haziingii, na saa ya ukutani kwa ile chumba ilikufa kabla nizaliwe. Nikaangalia mkono: saa nne kasoro robo. Poa, niko na muda. Nikaandika polepole, hati safi kabisa. Nikaangalia tena: saa nne kasoro robo. Msimamizi akatangaza dakika kumi zimebaki, na nina swali zima la alama ishirini sijaligusa. Mkopo nililipa na riba. Somo nililirudia.

Sasa kuna Anko, ndugu ya mamangu. Yeye ni fundi wa vigari vya gofu kwenye klabu moja hapa Nairobi, na tangu niko primary amevaa saa moja tu: Casio F-91W, plastiki nyeusi, ile mbogi yangu huita "saa ya watchie". Nilimcheka miaka mingi. Baada ya ule mtihani aliniambia tu, "Wee kijana, hiyo yako ilikuambia saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Acha niwaambie kuhusu hiyo saa ya watchie. Ilitoka 1989 na bado inauzwa karibu vile vile ilivyokuwa. Ina uzito wa gramu 21. Betri moja ndogo inakaa kama miaka saba. Ndani kuna kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde, na kampuni yenyewe inasema itapotea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Yaani sekunde moja kwa siku. Rolex halisi, ile ya bei ya ploti, kampuni yake inajivunia kwamba haipotei zaidi ya sekunde mbili kwa siku. Rudia hiyo hesabu polepole. Saa ya soja wa geti imeahidi kusoma wakati vizuri kuliko saa ya mwenye geti.

Simaanishi Rolex ni upuzi. Mashine ya springi na meno, bila betri, kufika sekunde mbili kwa siku ni kazi ya ajabu, na mtu anayeipenda kwa sababu hiyo namheshimu. Lakini huyo mtu atakueleza kilicho ndani. Muulize mwenye feki kilicho ndani ya yake. Atakuambia bei aliyoambiwa, na hata hiyo ni ya uongo.

Na hata Casio zina feki, msijidanganye. Kwa F-91W, finya kile kitufe cha kulia na ukishikilie kama sekunde tatu. Ya kweli itaandika jina la kampuni kwa kioo. Si dhamana kamili, kuna feki zimejifunza huo ujanja, lakini angalau umeuliza saa yenyewe badala ya kumuuliza anayeiuza. Pia usidanganywe na maandishi ya maji. Saa ikiandikwa mita 30 haimaanishi utapiga mbizi mita 30. Inamaanisha mvua na kunawa mikono. Kama unaogelea, tafuta ya mita 100 kwenda juu. Hayo ndiyo mambo ya kujua ukichagua saa ya kila siku, na hakuna hata moja linaloonekana kwa picha.

Twende kwa vigari. Najua mtasema gofu ni mchezo wa mabwenyenye, sisi inatuhusu nini. Ngoja. Likizo hiyo Anko alinichukua nimsaidie, na Jumamosi moja akaja jamaa amenunua kigari chake cha kuzungukia mtaa wenye geti. Alitaka kiinuliwe inchi sita, magurudumu makubwa, rimu nyeusi, taa za bluu chini, na spika ambazo zingesikika mpaka shimo la kumi na nane. Anko akamuuliza swali moja: "Kinapanda kilima?" Jamaa akasema siku hizi kinachoka katikati.

Anko akainua kiti. Chini yake kuna betri sita za volti nane, jumla 48, zile za asidi. Akachukua mita akapima moja baada ya nyingine huku mimi nikikanyaga mafuta kidogo (hata kama ni umeme, sisi bado tunasema mafuta). Tano zilikaa poa. Ya tatu ikaporomoka. Hivyo ndivyo hizo betri zilivyo: zimeungana kwa mstari mmoja, ikifa moja inavuta wenzake wote chini. Kufungua vifuniko, maji yameisha mpaka sahani zinaonekana. Hakuna aliyewahi kuongeza maji yaliyosafishwa, na kigari kinachajiwa kila wiki.

Sasa fikiria huyo mtu angepewa alichotaka. Gurudumu kubwa linafanya mota ivute zaidi, kwa hivyo betri mbovu inakufa haraka. Kuinua kigari kunapandisha uzito juu, kwa hivyo kona inakuwa hatari. Na vigari vingi vya gofu vina breki kwa magurudumu ya nyuma peke yake! Ungekuwa na kitu kirefu, kizito, chenye kelele, kisichoweza kusimama.

Mpangilio wa Anko ni huu na hataki mjadala: betri kwanza. Kama una pesa, hama uende lithiamu, kwa sababu zile sita za asidi zina karibu kilo 170 na lithiamu ya nguvu hiyo hiyo ni kama theluthi moja ya huo uzito. Lakini ununue na chaja yake, maana chaja ya asidi haielewi lithiamu. Halafu nyaya nene. Halafu kontrola kubwa, ndio ule msukumo wa kupanda kilima. Breki kabla ya kuongeza mwendo. Rimu na taa za bluu mwisho kabisa, na hapo utajipaka rangi yoyote unayotaka.

Hii si mambo ya klabu peke yake. Kule Marekani, Peachtree City jimbo la Georgia, kuna zaidi ya kilomita 160 za njia za vigari hivi, na wanafunzi wa sekondari wanaenda navyo shule. Kule kuboresha kigari ni hobi ya mtaa mzima. Lakini tangu 1998 sheria ya nchi yao inasema kigari kinachotengenezwa kiweze kwenda kati ya kilomita 32 na 40 kwa saa lazima kiwe na taa, vioo na mikanda.

Na sisi? Sisi tuna nganya. Nazipenda, nimekua nazo, kuna moja nikiisikia ikishuka bado moyo unaruka. Lakini mara ngapi umepanda nganya ina skrini kila kiti, mziki wa kupasua kifua, na mkanda ukiuvuta unabaki nao mkononi? Michuki alitulazimisha mikanda na vidhibiti mwendo 2004. Skrini hakuna aliyetulazimisha, tulizitaka wenyewe. Mwenye gari anajua abiria kijana anachagua kwa macho na masikio, hakuna anayechungulia breki. Hapo wa kulaumiwa si makanga, ni mimi na wewe tuliosimama stage tukiacha gari nzima ipite tukingoja yenye graffiti.

Najua majibu yenu. La kwanza, "saa ya nini na nina simu." Sawa, itoe hiyo simu kuangalia saa kwa dirisha la mathree kwa jam ya jioni, tuone utarudi nyumbani na nini. La pili lina uzito zaidi: ati interview wanaangalia mkono, maskini hawezi kuvaa plastiki. Nakubali watu huhukumu. Lakini boss anayejua saa atajua yako ni feki kabla uketi, na asiyejua hatatofautisha. Hiyo pesa umemlipia nani? Ukitaka ya chuma, weka akiba kidogo kidogo utafute Seiko au Citizen ya mtumba ambayo fundi ameifungua mbele yako ukaona ndani.

Mimi sasa navaa F-91W yangu. Mkanda ulikatika mwezi jana, nikabadilisha mwenyewe kwa pini, nikajikata kidole. Jumamosi bado naenda kwa Anko. Ile iliyopita nilipata betri mbovu peke yangu, namba nne, bila kuelekezwa. Anko akaangalia mita, akaangalia mkono wake, akasema tumechelewa chai.